Kadi Moja Pungufu

Kila Jumapili, baada ya ibada, baba yangu humsamehe mama yangu. Tunapanda tramu mpaka nyumba ya wazee kule Laeken, tunamkuta Mama ameketi dirishani, blanketi magotini, na hata makoti hatujavua anaanza.

"Papa Rolande, unisamehe. Ile ma-cartes yako, ni mimi niliyaangushaka."

Baba humshika mkono, husafisha koo kama mchungaji anayetaka kutoa baraka, kisha humjibu, "Ilikwishaka, Bibiane. Nilishakusamehe."

Rolande ni mimi, mtoto wao wa pekee. Mama amesahau mtaa tulioishi miaka mingi, amesahau kazi yake ya uuguzi, na kuna siku huniita kwa jina la dada yake aliyebaki Butembo. Kosa hilo la kuangusha kadi tu hajalisahau. Na niseme ukweli, Baba alikuwa akiupenda msamaha wake. Alikuwa akitoka pale mabega juu, nami namfuata nyuma nimenuna.

Kosa lenyewe nimelisikia tangu utotoni. Mwaka 1978 Baba, Josias Mwenze, kijana wa Likasi, alikuwa akisomea kompyuta hapa Brussels. Siku hizo kompyuta ilijaza chumba kizima. Kila mstari wa programu ulitobolewa kwenye kadi yake ya karatasi ngumu, kwa hiyo programu nzima ilikuwa sanduku la kadi, na mashine ilizisoma moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake. Lugha alizofundishwa za kuiamrisha mashine zilitumia maneno ya Kiingereza, na Baba akajiuliza kwa nini iwe hivyo.

"Machine haijuake Français, haijuake Anglais," husema mpaka leo. "Inajuaka tundu. Tundu iko, ao tundu haiko. Bon, ni ile tu."

Basi akaanza kutunga lugha yake mwenyewe, yenye SOMA, JUMLISHA, KAMA, RUDIA na ANDIKA, ili makarani wa migodi ya kwao waiamrishe mashine kwa maneno wanayoyaota usingizini. Programu ya kuyageuza maneno hayo yawe kitu ambacho mashine inakielewa ndiyo iliyokuwa ndani ya sanduku.

Asubuhi ya kuionyesha mbele ya maprofesa, mvua ilinyesha. Mama alikuwa mchumba wake wa usiku mmoja tu, maana Baba alikuwa amemposa jioni iliyotangulia, pale Porte de Namur. Yeye ndiye aliyebeba sanduku, kwa kuwa Baba alikuwa na mzigo wa vitabu. Kwenye Chaussée d'Ixelles akateleza, kadi zikatapakaa barabarani. Waliziokota, wakazipanga upya kwa namba zilizochapwa pembeni, na zile zilizolowa Baba akazinakili kwenye kadi mpya. Lakini kadi namba 214 haikuonekana, wala hakuwa na cha kunakili. Mashine ilisoma mpaka hapo, ikagoma. Muda waliopewa ukaisha, maprofesa wakachukua mikoba yao wakaondoka.

Mimi mwenyewe sasa naishi kwa kuandika programu, na mstari ukinipotea nauandika tena kabla chai haijapoa. Niliwahi kumwuliza, "Papa, kadi moja tu? Hukuweza kuitoboa upya kesho yake?"

"Wewe haujue ile siku ilikuwa namna gani," alinijibu.

Nafikiri najua. Kukasirika kulikuwa rahisi kuliko kuanza tena, na mtu wa kukasirikiwa alikuwa karibu. Baba aliacha masomo, akafanya kazi ya ghala mpaka alipostaafu. Sanduku likakaa juu ya kabati la chumbani kwao. Hakuwahi kumtukana Mama wala kumwinulia mkono. Jambo lolote likienda kombo nyumbani, aliinua macho tu akatazama juu ya kabati, na Mama alinyamaza. Nimekulia katika ukimya huo, na sijaupenda hata siku moja.

Mwezi uliopita wauguzi waliniomba niwaletee vitu vya zamani vya Mama, vya kumsaidia kukumbuka. Nikaenda chumbani kwao, nikafungua Biblia aliyoiacha nyumbani. Ndani nilikuta picha ya harusi na, nyuma ya picha, kadi iliyotobolewa. Upande wa nyuma kulikuwa na mwandiko wa Baba, wino umeshafifia: "Bibiane, kuya leo saa kumi na mbili, Porte de Namur. Niko na neno ya kukuambia. Josias."

Nilitabasamu. Wanafunzi wote wa siku zile waliandikiana kwenye kadi zilizoharibika, Baba alinisimulia. Nikaigeuza nitazame ilikuwa imeharibika wapi. Haikuwa na kosa lolote. Mstari wake ulikuwa safi kabisa, na pembeni ilichapwa namba 214.

Nikaketi kitandani. Kadi haikupotea kwenye mvua. Mama alipoteleza, tayari ilikuwa kwake tangu jana yake. Baba, kwa haraka ya mapenzi, alichukua kadi kutoka rundo lisilostahili kuguswa, akaandika, akampelekea. Na Mama, ambaye matundu yale hakuyajua maana, aliitunza miaka yote kwa sababu ndiyo iliyomwita akaposwe. Aliombea msamaha kitu alichokuwa amekihifadhi mwenyewe ndani ya Biblia.

Niliingia jikoni na hasira zangu zote, nikaiweka mezani mbele ya Baba, upande wa namba ukiwa juu. Alivaa miwani.

"Deux cent quatorze," aliisoma namba polepole. Uso wake ukawa wa kijana. "Rolande, uliipata wapi?"

Hakungoja jibu. Alikwenda chumbani na magoti yake mabovu, akarudi na sanduku, akaichomeka kadi mahali pake na kuipapasa kwa kidole.

"Unaona? Haikukuwa na kosa. Ingetembea. Ile siku ingetembea."

"Igeuze, Papa."

Aliitoa, akaigeuza, akasoma. Akasoma tena. Kisha akavua miwani na kuishika mkononi.

"Kumbe," alisema. Akaongeza, "Miaka yote ile, Rolande. Nilikuwa naangalia ile kabati."

Nilikuwa nimepanga maneno makali, na kila moja alilistahili. Niliyaacha. Nilitaka kitu kimoja tu: Mama atuliwe mzigo ule angali anajua ni nani anayeutua.

"Utamwambia Jumapili," nilisema. "Kabla hajakusahau na wewe."

"Nitamwambia."

Jumapili Baba alivaa suti anayoivaa kwenye harusi za watu. Mama alikuwa dirishani.

"Papa Rolande, unisamehe. Ile ma-cartes yako..."

Safari hii hakusafisha koo. Alipiga magoti, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya nje ya kanisa, akaiweka kadi juu ya blanketi.

"Hapana, Bibiane. Haukupoteza kitu. Ni mimi niliitoa mu sanduku, nikakuandikia. Angalia, ni maandiko yangu. Ni mimi naomba unisamehe."

Mama alipitisha kidole kwenye maandishi. "Porte de Namur," alisema, akatabasamu, nami nikapata tumaini. Kisha akamwekea Baba mkono kichwani.

"Wewe uko na roho muzuri, Josias. Unataka kuniondolea haya. Lakini mimi najua. Niliteleza, yote ikaanguka."

"Bibiane, nakuambia ukweli."

"Acha. Usijisumbue juu yangu." Akanigeukia. "Unaona papa yako? Anabeba kosa yangu. Utafute bwana kama huyu."

Baba alirudia mara ya pili na ya tatu, kwa sauti inayozidi kupungua. Kila alivyosema, ndivyo Mama alivyozidi kumsifu kwa wema wake, na ndivyo alivyozidi kulia kwa kosa lake. Mwishowe nilimwinua Baba kwa kumshika kwapani, nikampa fimbo yake.

Tulikuwa mlangoni Mama alipoita.

"Papa Rolande. Haujanijibu. Unisamehe."

Baba alisimama, amempa mgongo. Kisha alirudi, akamshika mkono, akamwambia neno pekee linalomtuliza.

"Ilikwishaka, Bibiane. Nilishakusamehe."

Mama alifuta machozi na kugeukia dirisha lake, ametulia. Baba aliniomba mkono wa kuegemea mpaka kwenye tramu.