Vitambaa Kivulini

Kila siku kivuli cha ghorofa la jirani kilijitandaza juu ya tuta la maua taratibu, kama shuka linalovutwa na mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala, na kufikia saa ya chai ya jioni uwanja mdogo wa nyuma ulikuwa na mwanga kama wa chini ya maji. Fundi cherehani alisimama mlangoni akiutazama. Nyuma yake, chumbani, sanduku la mkewe lilikuwa wazi juu ya kitanda.

Binti yao mkubwa alikuwa aje Jumamosi kumchukua mama yake akakae kwake kwa muda. Kwa muda, ndivyo walivyosema wote, kwa sauti za kawaida kabisa. Lakini asubuhi ile, akitafuta soksi, fundi alikiona kikombe cha mkewe sandukuni, kile chenye ufa kwenye mkono wa kushikia, kimeviringishwa ndani ya mtandio. Mtu anayekwenda kutembea tu habebi kikombe chake cha chai.

Hawakuwa wamegombana. Tangu ghorofa lile liinuke, waridi za mkewe zilirefuka shingo zikilitafuta jua, zikapauka, zikafa. Fundi alinunua nyingine, zikafa nazo. Akanunua nyingine tena, nyekundu zaidi, kwa ukaidi wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Mkewe akaacha kutoka nje jioni. Viti vyao viwili vya kukunja vikabaki vimeegemea ukuta. Mara moja tu alisema, huku akimenya viazi, kwamba amechoka kuzika.

Mchana wa kesho yake mteja mmoja alikuja dukani kutaka kitambaa cha buluu, na fundi, kama ilivyokuwa desturi yake, alimwambia akipeleke mlangoni kwanza. Hakuwahi kumkatia mtu nguo bila kumuuliza ataivaa wapi, juani au chini ya taa, kwa kuwa rangi ni kigeugeu. Mteja alikuwa bado anakigeuzageuza kitambaa mlangoni pale fundi alipouweka mkasi mezani, pole pole. Waridi zote zile alizichagua kwa muuza miche, saa za jua kali, zikiwa zinawaka. Hakuna hata siku moja aliyokiuliza kivuli kingependa kuvaa nini.

Aliporudi nyumbani alikuja na mfuko wa mabaki ya vitambaa. Akayapanga juu ya tuta, kila kipande na kijiwe chake, akakunjua kiti kimoja, akaketi.

Nyekundu ndiyo iliyoondoka kwanza. Haikuaga, ilizama tu udongoni. Zambarau ikaifuata, kisha buluu. Lakini nyeupe ilibaki, na krimu, na kijani cha limau, vikaelea juu ya tuta kama vimeachwa na maji. Kipande cha bitana ya kijivu, ambacho juani kilikuwa si kitu, kilianza kumeremeta kana kwamba kimekumbuka jambo. Fundi alisahau kupepesa macho. Miaka yote hiyo alikiona kivuli kuwa ni shimo mahali palipokuwa na jua. Kumbe kilikuwa chumba, nacho kilikuwa na mwanga wake.

"Baba, na udongo nao umekuja kupimwa suruali?" mkewe aliuliza kutoka dirisha la jikoni.

"Umekuja. Ila hausemi unataka mtindo gani."

Mkewe alicheka kwa puani. Baadaye mlango wa jikoni ukalia, akatoka na kitambaa cha kufutia vyombo begani. Alivitazama vipande kimoja kimoja. Kisha akainama, akakitoa kipande cheupe pale katikati, akakiweka pembeni kabisa, penye giza zaidi.

"Kikiwa hapa, mtu anaona ukuta unapoishia," alisema, akarudi ndani.

Kesho yake, muuza miche, mwanamke mcheshi aliyezoea wateja wanaonyoosha vidole, alishangaa kuonyeshwa vitambaa. Alimtania fundi kwamba pale hauuzwi uzi. Aliposikia habari ya ghorofa, akaacha utani, akamweleza kwamba penye kivuli maua huja kutembea tu, wenyeji ni majani. Wakaikokota mikebe ya miche hadi nyuma ya tangi la maji, penye kivuli, na fundi akachuchumaa hapo akilinganisha. Alichukua majani mapana meupe yenye mishipa ya kijani, membamba kama karatasi. Akachukua begonia za majani ya rangi ya fedha, makangaga ya matawi laini kama manyoya, na mmea utambaao wa kijani cha limau. Wakati wa kuondoka mkono wake ulipita karibu na waridi moja nyekundu, ukasita, ukaendelea na safari.

Alipanda mpaka magoti yakamuuma. Ule mweupe wenye majani mapana aliupanda pembeni, pale pale pa kitambaa.

Ijumaa jioni alikunjua viti vyote viwili, akaweka chupa ya chai chini katikati yake. Hakuita mtu. Maneno aliyokuwa ameyaandaa dukani siku nzima, mazuri, yenye pindo na vifungo, yalimtoka akilini akiwa ameketi, wala hakuyafuata. Mwanga ulipungua. Majani meupe yakaanza kutoka gizani moja moja, bila haraka. Ndani ya nyumba zipu ya sanduku ililia, ikanyamaza. Hakujua kama imefungwa au imefunguliwa.

Kiti cha pembeni yake kikalalama.

Mkewe alikuwa ameshika kile kikombe chenye ufa. Uzi wa mtandio ulikuwa umenasa kwenye ufa huo. Fundi alikimiminia chai, kwa uangalifu, akiogopa kumwaga.

"Umebakisha pengo pale kwenye makangaga," mkewe alisema.

"Nimeliona."

"Huo unaotambaa utaliziba. Misimu miwili ya mvua."

"Miwili au mitatu."

"Mitatu ni mingi," alisema, akapuliza chai yake.

Fundi akaifunga chupa ya chai. Juu, jirani aliwasha taa ghorofani, na mwanga wake ukashuka mpaka juu ya majani ya fedha, ukakaa hapo.