Bei ya Honi

Kitu chenyewe kilikuwa bapa, cha mraba, kidogo kuliko kipande cha sabuni kinachobaki mwisho wa wiki, na kilikuwa kimeungua. Fundi aliyeitwa Daddy alikiweka katika kiganja cha bibi Emerance kama mtu anayemrudishia mwenzake jino lililong'olewa.

"Koko, hii njo ilikuwa kichwa cha mashine," alisema. "Prosesa. Kompyuta inafikiri na hii. Feni ilisimama, mjukuu wako akaendelea kuitumikisha, ubongo ukaiva. Sasa ile mashine ni maiti tu, imevaa vizuri."

Alicheka peke yake. Christelle, mjukuu mwenyewe, aliikodolea macho meza. Lakini Emerance alikuwa ameona kwamba kabla ya kucheka, Daddy alikifuta kigoda kwa pindo la shati lake ili yeye akae. Mambo kama hayo hayakumpita. Kwa miaka ishirini na minne alikuwa akiokota wema wa watu kama kuku anavyookota punje za mpunga mchangani, moja moja, asiache hata iliyovunjika.

Christelle alikuwa na kibanda cha mbao nyuma ya stesheni ya Kindu, kompyuta moja na printa moja. Wanafunzi wa uuguzi walikuwa wamemletea kazi zao za kumaliza masomo, thelathini, zote zimeandikwa kwa mkono, azichape; alikuwa amebakiza nne, na zote zilitakiwa Jumamosi saa sita. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Asipozitoa, zingekwenda kwa mwingine, na kibanda kingekwenda nazo. Rafiki yake Sagesse alikuwa akimpigia simu kila jioni kutoka Kama, kwenye machimbo ya dhahabu: njoo, kuna nafasi ya kuuza pombe, wachimbaji hawabani mkono. Emerance aliwajua wasichana waliokwenda Kama kuuza pombe. Aliwajua pia waliporudi.

"Prosesa iko moja tu," Daddy alisema. Alikuwa akitengeneza kompyuta, lakini juu ya meza yake palikuwa na mzani mdogo wa dhahabu na njiti za kiberiti za kupimia, kwa kuwa wateja wake wengi walilipa kwa vumbi la Kama. Alitaja bei. Kisha akayaangalia masikio ya Christelle, bila haya, kama mtu anayeangalia maembe ya jirani. "Zile herini zinaweza kutosha. Ama ungoje. Treni imefika Kibombo. Kuna mzigo wa prosesa ndani, nyingi, mpya. Ikipiga honi hapa, hata mimi nitashusha."

Hakusema uongo. Kila mtu wa Kindu alijua bei ya honi. Chumvi, sabuni, saruji, dawa: treni ikipiga honi pale kwenye kona ya mwisho, wachuuzi hushusha bei kabla hata moshi haujaonekana, maana anayechelewa kushusha hubaki na mali yake. Watoto wa mji huo hujifunza kungoja honi kabla ya kujifunza kuhesabu. Ila kutoka Kibombo treni huweza kufika kesho, na huweza kulala njiani wiki mbili.

Christelle alimgeukia bibi yake. "Koko, unasemaje? Ninunue sasa ama ningoje?"

Emerance alifumba kiganja juu ya kile kitu kilichoungua.

Swali hilo lilikuwa limewahi kumfikia, miaka ishirini na minne iliyopita. Binti yake, Fifi, mama yake Christelle, hakuuliza hivyo, alisema tu, "Mama, toa herini." Alikuwa amelala kwenye mkeka, mtoto amekwisha kuzaliwa, na damu haitaki kukoma. Mkunga alisema iko sindano inayokata damu, na Musafiri, muuza dawa wa barabara ya pili, anayo moja. Ilikuwa mwaka wa 2001, vita vimeshikilia mji kama mkono ulioshika shingo, na sindano moja ilikuwa na bei ya herini mbili za dhahabu. Emerance alikimbia nazo. Alikuwa ameshanyoosha mkono wenye herini, Musafiri ameshalifungua boksi, ndipo honi ikalia.

Honi! Miezi saba haikusikika. Watu walitoka majumbani wakishangilia. Na mkono wa Emerance, bila kumwuliza mwenyewe, ukarudi nyuma ukiwa na herini ndani yake. Zilikuwa mahari ya Fifi. Nusu saa tu, aliwaza, bei itashuka, Fifi atapona na dhahabu yake itabaki.

"Mama, usisikilize honi," Musafiri alimwambia kwa sauti ya chini. "Chukua sasa."

Aliona ni tamaa ya mchuuzi. Akacheka kidogo, hata. Akakaa kwenye ngazi ya duka, akangoja.

Treni haikuleta chumvi wala dawa. Ilileta askari, wakashuka na mitutu mbele, na la kwanza walilolivunja lilikuwa duka la dawa. Emerance alitia herini mdomoni akapita katikati yao akikimbia. Alipofika nyumbani Fifi alikuwa bado macho. "Mama," aliuliza, "umepata?" Naye hakuweza kumjibu, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa dhahabu. Alipozitema, aliyeuliza hakuwapo tena.

"Koko?"

"Uza," alisema Emerance. "Nunua sasa."

Christelle alishika masikio yake. "Hizi? Hizi ni za mama! Wewe mwenyewe uliniambia ulizificha mdomoni askari wasizichukue. Hapana. Nitangoja honi."

"Mtoto ana akili," alisema Daddy. "Dada, kaa ungoje. Mimi sikimbii."

Angeweza kunyamaza. Treni ingeweza kufika kesho asubuhi, kila kitu kikatengenezeka, na yeye akaendelea kuwa Koko aliyeokoa kumbukumbu ya mama wa mtu. Alimtazama mjukuu wake, shingo ile ile ya Fifi, na jibu lile lile la mji mzima mdomoni mwake: nitangoja. Emerance akaanza kusema. Alisema polepole, bila kulia, hadi kwenye ngazi ya duka, hadi kwenye kicheko chake mwenyewe. Daddy alizima redio.

Alipomaliza, Christelle alizigusa herini tena.

"Kumbe nimevaa bei ya mama," alisema.

"Mjukuu wangu..."

"Miaka yote hii unanifunga masikioni kila sikukuu. Unanibusu kabisa." Alizitoa, ya kushoto, ya kulia, akaziweka kwenye mzani kama anayetema. "Pima, Daddy. Pima vizuri. Hizi ni nzito kuliko unavyofikiri."

Daddy alipima. Aliongeza njiti, akaongeza nyingine, kisha, mzani ukiwa umeshalingana, akaongeza ya tatu kwa faida ya Christelle, akidhani hakuna anayemwona. Emerance alimwona.

Prosesa ilifungwa kabla ya jua kusimama kichwani. Kompyuta iliwaka, feni mpya ikavuma, na Christelle akaanza kuandika. Aliandika mchana ule na kesho yake, na hakumtamkia bibi yake neno lolote. Chakula alikila. Sahani alizirudisha zikiwa zimeoshwa, na hilo Emerance alilipima mara nyingi, asijue aliweke upande gani.

Ijumaa, saa nane, akiwa amesimama mlangoni pa kibanda na sahani ya wali na sombe, majani ya muhogo, mkononi, alisikia honi.

Wachuuzi walipiga kelele. Upande wa pili wa njia Daddy alitokeza, mikono juu, anacheka mpaka jino la mwisho. "Christelle! Unasikia? Siku moja tu! Siku moja tu mungengoja, herini zingekuwa masikioni, ee!"

Honi ilirudia. Emerance alihisi ladha ya dhahabu juu ya ulimi, baridi na chumvi kidogo, kama ilivyokuwa. Alitaka kusema kwamba hakujua, kwamba safari hii pia hakujua. Lakini mbele yake kulikuwa na mgongo tu, na masikio mawili yenye matundu matupu, na vidole visivyosimama. Ukurasa ulitoka kwenye printa, ukafuatwa na mwingine.

Jua lilikuwa limemfika Emerance usoni. Bila kugeuka, bila kuacha kuandika, Christelle alinyoosha mguu chini ya meza akasukuma kiti cha pili, kikakwaruza sakafu hadi kivulini, karibu na mlango.

Labda alikuwa anatafuta nafasi ya miguu yake. Emerance alikitazama kiti kile. Kisha akaweka sahani mezani, akakaa ukingoni kabisa, ili ikiwa hakikuwa chake, aweze kuinuka upesi.