Ndoo ya Chachu

...na sasa mkono wa Ambros umeshika ndoo, mkono uleule mwekundu uliochimba na Veit pango hili la kuhifadhia bia, miaka ishirini na mitatu iliyopita, Wabavaria wawili kutoka Ujerumani kwenye kilima cha Wisconsin, Marekani, wakipokezana koleo moja, na mikono yote minne ilitoka malengelenge, mbona basi miwili tu ndiyo ikaja kuwa ya meya, mbona... "Achia basi, ndugu yangu," Ambros anasema, "au mpaka nikuletee barua yenye mhuri?" na waliokaa kwenye mkokoteni wanacheka, siku hizi kila neno la Ambros linachekesha, hata Alois mwoka mikate, aliyekuwa akisema bia ya Ambros ni ya kuoshea farasi, leo ni Mheshimiwa huku, Mheshimiwa kule, na kanisani Mheshimiwa kahamia benchi la mbele, Veit anatazama kisogo chake misa nzima, Mungu amsamehe, mwili wa Bwana uko ulimini na macho yako kwenye kisogo cha mtu... bia ya nani tamu? Ya Veit, wote wanasema, kisha wakamchagua Ambros, kwa kuwa Ambros akipanda juu ya pipa anajua kusema, Veit akisimama mbele ya watu ulimi unakauka, na siku ya uchaguzi Veit mwenyewe akampigia kura yule Mwairishi aliyeshindana na Ambros, kimyakimya, bado hajaliungama... "Chachu yangu imekufa yote, Veit, na nimeuahidi mji mzima bia ya Pentekoste," Ambros alimwambia asubuhi, kofia mkononi, Veit akashuka pangoni, pipa la kushoto lina chachu nzima, inanukia tufaha, la kulia lina ile iliyooza, ya kumwaga, akachota la kulia, akachota taratibu, akijua, kwa sababu Ambros hatainusa, mpika bia hanusi chachu aliyopewa na mwenzake, ni kumtukana, ndivyo walivyolelewa wote wawili, na kweli, hata kifuniko hagusi, anamtazama Veit tu, machozi yanamlengalenga, Mheshimiwa mzima, "Mwaka ule tulipogawana viwanda," anasema kwa sauti ya chini, "chachu yangu ilikufa pia, ukanimiminia nusu ya yako, na wewe ulikuwa na kopo moja tu," kopo... kopo lenye kutu, ndiyo, Veit alikuwa amelisahau, kila alichonyimwa anakikumbuka na hili kalisahau, kumbe kuna mtu kamtunzia miaka yote hii, Ee Bwana, na mimi nimemchotea nini... "Achia, bwana!" Ambros anavuta, vidole vya Veit vinazidi kukaza, "Mchoyo huyo!" Alois anapiga kelele, "Kura alimnyima, na chachu anamnyima!" kumbe wanajua, Ambros naye anajua, na bado kaja, bado hanusi, wanacheka, wacha wacheke, wamwite mchoyo mpaka kaburini, ndoo inaning'inia kati yao, Ambros anavuta, na Veit haachii, haachii, Bwana nitie nguvu vidoleni, haachii.