Chemba ya Shimo la Sita

Kwa siku ya ishirini na tatu mfululizo bomba la jikoni lilikohoa mara mbili, likatema hewa, likanyamaza. Mzee Spana alilikodolea macho kama mwalimu anayemsubiri mtoro akiri kosa. Alikuwa amefanya kazi Idara ya Maji miaka thelathini na mmoja, kumi ya mwisho akiwa fundi mkuu, na kama kuna tusi duniani, basi ni bomba la fundi mkuu kukauka nyumbani kwake.

"Hata ulikazie macho hadi kesho, baba, halioni haya," alisema mkewe. Mama huyu alikuwa mkunga mstaafu. Kelele za watu alizizoea kazini, za mumewe hazikumpa shida. "Kunywa chai. Hayo ndiyo maji ya mwisho ya dumu la jana."

Akaketi na chai na gazeti la Jumamosi. Ukurasa wa kwanza, Waziri wa Maji alikuwa amewaomba wananchi wawe na subira kwa kuwa mvua zimegoma.

"Mvua zimegoma!" Mzee Spana aliruka hadi chai ikamwagika, na chai siku hizo haikuwa kitu cha kumwaga. "Bwawa limejaa! Juzi nimepita pale, nimeliona kwa macho yangu haya! Na mtazame mwenyewe hapa pichani: shati limefuliwa, limepigwa pasi, hadi leso. Huyu kaoga, mama! Mtu ambaye hajaoga hawezi kusema subira."

"Punguza sauti. Majirani wamelala."

"Wanalala vipi na joto hili, bila kuoga?"

Ukurasa wa tatu mbunge alikuwa amepigwa picha akisinzia kikaoni. Ukurasa wa tano daraja jipya lilikuwa limepata nyufa kabla ya utepe kukatwa. Kila ukurasa ulipata tusi lake, la heshima lakini zito. Kisha, kama kila Jumamosi, akachukua daftari kumwandikia mhariri. Barua sitini na moja alikuwa ameshamtumia. Zilizochapishwa ni mbili, na moja kati ya hizo waliikata kichwa na miguu. Hii ya leo ilianza hivi: *Mhariri, bwawa limejaa na mabomba yamekauka. Basi katikati yupo mtu anayekunywa maji yetu. Ni nani huyo? Tunataka ajitokeze hadharani, aone aibu mbele ya majirani zake.*

Alipenda sana hapo kwenye majirani. Akaacha nafasi ya kutia saini, akainuka kuchukua mfuko wake wa fimbo za gofu.

"Watu hatuna maji ya kunawa uso, wewe unakwenda kufukuza kijipira," mkewe alisema, lakini bila makali. Alikumbuka miezi mitatu ya kwanza ya kustaafu, mzee alipokuwa akishinda nyumbani akimpangia upya vijiko, akimkagulia sufuria, akimfundisha kufunga mlango wa kabati. Gofu ndiyo iliyoiokoa ndoa ile. Na mzee naye, bila gofu, hakuwa na sababu nyingine ya kuvaa viatu Jumamosi.

Getini alikutana na jirani yao, Mama Cherehani, fundi wa nguo, ametoka mbali na ndoo mbili.

"Shikamoo, baba wa maji!"

"Marahaba, mama."

"Hebu wapigie wenzako huko Idarani. Wateja wananiletea nguo hazijafuliwa. Nawapima nimeziba pua, vipimo navyo vinapotea."

"Hao vijana wamelala, mama. Enzi zetu..."

"Enzi zenu zimepita na maji," Mama Cherehani akamkata, akapita na ndoo zake.

Uwanja wa gofu ulikuwa wa kijani kiasi cha kutia aibu. Langoni palikuwa na kibao cha siku nyingi: *Maji ya kisima. Si ya kunywa.* Kapteni wa klabu, daktari wa meno aliyecheka muda wote kana kwamba anatangaza kazi yake, alimpokea kwa mikono miwili. Mzee Spana alikuwa mwanachama wa maisha. Ilikuwa zawadi ya zamani, na jinsi ilivyokuja hakuieleza sana. Miaka ilivyopita alianza hata kuamini alipewa kwa ajili ya kipaji, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kumwona akipiga mpira angelipinga mahakamani.

Walicheza mashimo matano ya kwanza huku mzee akimhutubia Kapteni kuhusu waziri, daraja na mbunge mwenye usingizi. Shimo la sita mpira wake ukatua, kwa bahati, hatua nne tu kutoka kwenye kibendera. Akainama, akavuta pumzi, na papo hapo kinyunyizio kilichojificha kwenye nyasi kikainuka kikampiga kofi la maji usoni.

Alifungua mdomo atukane. Maji yakaingia. Tusi halikutoka.

Mzee Spana alisimama akiyazungusha mdomoni. Dawa. Dawa ya maji ya bomba, ileile aliyoipima na kuimwaga kwenye matangi kwa miaka thelathini na mmoja. Ladha ile aliijua kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe.

"Kapteni, kisima chenu nani anakitia dawa?"

"Dawa? Dawa gani, mzee wangu?"

"Na hivi vinyunyizio vipya mmeviweka lini?"

"Vile arobaini? Vina kama wiki tatu. Vizuri, eh?"

Mafundi wa bomba wana nondo wanayoisimika ardhini na kuitegea sikio, ili wasikie maji yanakopita. Nondo hakuwa nayo. Aligeuza fimbo ya gofu, akaukita upande wenye chuma ardhini, mpini akauweka sikioni. Akasikiliza. Akasogea hatua tatu, akasikiliza tena.

"Mzee, unaongea na nani huko chini?"

"Namsikiliza mwizi."

Sauti ilimpeleka nyuma ya vichaka. Akafagia majani kwa kiatu, ukatokea mfuniko wa chuma wa chemba, kishimo cha kuhifadhia koki ya bomba. Hasira zilimpanda hadi kwenye masikio. Maneno aliyomwandalia mwizi yalikuwa yamejipanga mstari, yanasubiri amri. Kisha akaona ukingo wa saruji. Kwenye saruji, wazi kama muhuri, palikuwa na umbo la spana.

Ilikuwa alama yake. Kila alipomaliza kazi aliibandika spana kwenye saruji mbichi. Ndiyo maana dunia nzima ikamsahau jina.

Akaketi chini pale pale, na suruali yake nyeupe.

Miaka kumi na miwili nyuma kulikuwa na ukame, na klabu ilikuwa na mashindano makubwa. Mkurugenzi wake alimwita: "Wiki mbili tu, Spana. Ya muda." Naye Spana akaunga bomba hadi uwanjani kutoka kwenye laini ya mtaa wake mwenyewe. Baadaye akaenda likizo, akarudi na cheo kipya, na karatasi ya agizo la kulikata bomba ikazeeka kwenye droo. Klabu ikamshukuru kwa uanachama, na wiki tatu hizi vinyunyizio arobaini vikaunyonya mtaa mzima. Kumbe duniani hakuna kinachodumu kama cha muda.

"Mzee wangu," Kapteni alisema, mara hii bila kuonyesha meno, "kisima kilikauka zamani. Sote tunajua."

"Mimi sikujua!"

"Si ndiwe uliyeunga?"

Mzee Spana akaifunika alama ile kwa kiganja.

"Ukifunga hapo, nyasi zitakufa kwa wiki moja na kamati itakaa. Uanachama wako ulikuja na bomba hilo. Utaondoka nalo."

Mzee alizitazama nyasi. Aliziona Jumamosi zote zilizobaki za maisha yake, yeye na vijiko vya mkewe. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa fimbo, akatoa spana aliyoibeba kwa ajili ya gurudumu la kigari chake cha kuvutia fimbo. Akainua mfuniko. Koki ilikuwa imeganda. Akavuta pumzi, akaning'inia, ikalia, ikakubali. Raundi kumi na nne. Nyuma yake vinyunyizio viliinama kimoja kimoja, kama wageni waliosikia chakula kimekwisha.

Alipofika nyumbani mtaa mzima ulikuwa unapiga kelele za ndoo.

"Waziri kaona aibu!" Mama Cherehani aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Gazeti limemshtua!"

Mkewe alimtazama suruali, akatazama uso. "Umefanya nini?"

Alisimama mezani akaisoma barua yake: *ajitokeze hadharani, aone aibu mbele ya majirani zake.* Laiti angeandika kitu kingine. Akaenda uani.

"Mama, si waziri. Ni mimi."

"Wewe ndiye uliyefungua? Mungu akubariki!"

"Mimi ndiye niliyeiba." Akamweleza yote, hadi uanachama.

Mama Cherehani aliweka ndoo chini polepole. "Siku ishirini na tatu napita getini kwako na ndoo, unaniambia vijana wamelala?"

"Mama, mimi sikuwa..."

"Nyamaza! Nina madumu kumi na mawili. Kesho asubuhi uyajaze, uyabebe hadi ndani. Wewe, si kijana mwingine."

Usiku ule alitia saini barua: *Mwizi wa maji, fundi mkuu mstaafu. Jumatatu nitakwenda Idarani nisimamie bomba la klabu likatwe. Na waziri naye aache kuisingizia mvua.*

Jumapili, akiwa na dumu la nane begani, simu ikalia. Alikuwa Kapteni.

"Mzee wangu, nyasi zimeanza kugeuka rangi. Tufungulie hata saa moja. Ya muda tu."

Mzee Spana akatua dumu. Kila tusi alilolijua likamjia, akaliacha lipite.

"Kuweni na subira, Kapteni," alisema. "Mvua zimegoma."

"Mzee!" Mama Cherehani alipiga kelele kutoka ndani. "Bado manne!"