Okidi ya Natalia Haitaki Udongo

Mke wangu Natalia alifariki Jumanne asubuhi, mwezi wa tatu, kabla sijatoka kwenda shambani. Siku hiyo sikuikumbuka kabisa okidi yake, mmea wa maua ambao porini huota juu ya miti, iliyokaa dirishani, kwenye kopo la plastiki linaloonyesha ndani.

Aliyeikumbuka ni baba yake, mzee Margwe, aliyekuja kutoka Tlawi akakaa nasi msibani siku nne. Amelima tangu utoto, hakuweza kuvumilia kuona mmea umekalia vipande vya mkaa na magamba ya mti. Aliniuliza kama binti yake alikuwa anaukuza au anauchoma kama muhindi. Watu wakacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akamwaga ule mkaa, akajaza udongo mzuri na samadi, akawa anamwagilia asubuhi na jioni. Sikuwa na moyo wa kumzuia.

Wiki tatu baadaye majani yalilegea. Nikaung'oa. Mizizi ilikuwa ya kahawia, inanuka, ukiibana inatoa maji. Niliikata kwa wembe, nikapaka mdalasini wa unga kwenye vidonda kama alivyokuwa akifanya Natalia. Ulibaki mzizi mmoja, mrefu kama kidole. Kati ya vitu vyake vyote, huo tu ndio uliokuwa hai.

Nikaurudisha kwenye mkaa. Natalia alizoea kusema, "Usihesabu siku, tazama mizizi. Ya kijivu ina kiu, ya kijani imeshiba." Basi nikawa natazama. Ukigeuka kijivu, nalowesha kopo kwenye beseni dakika kumi, halafu naacha maji yote yachuruzike. Nilikuwa nikiamka naenda dirishani kabla hata ya kunawa uso.

Jumapili moja, nimeshavaa kwenda misa, nikaona ncha ya kijani imegusa ukuta wa kopo, ndogo kama punje ya mtama. Pembeni yake nyingine. Nilimpigia mzee hata salamu nikaisahau.

"Shikamoo kwanza," akasema.

"Shikamoo baba. Umetoa mizizi. Miwili!"

Akauliza imekuwaje, nikamweleza jinsi mizizi ilivyooza nami nikaurudisha mmea kwenye mkaa.

"Kwa hiyo udongo wangu ndio uliouumiza?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nifundishe."

Kesho yake alikuja na basi la kwanza, akainama dirishani, pua karibu iguse kopo, anacheka peke yake.

Siku hizi hupiga simu kila asubuhi kuuliza rangi. Leo mizizi ni ya kijani, kwa hiyo sijamwagilia.