Dakika ya Arobaini na Moja

…na imesimama palepale tena, dakika ya arobaini na moja, mashine ya DVD inaandika kwamba hakuna picha na kurekodi kumekatika, na Faraji anainama kama fundi anayetafakari, anachomoa waya wa njano, anaupuliza, anaurudisha, ingawa waya hauna kosa, deki haina kosa, kichwa chake amekisugua kwa spiriti tangu asubuhi mpaka kinang'aa, mwenye kosa ni yeye, amevaa miwani anajitia kazi, na nyuma yake dada yake Asmaa, aliyetoka Iringa na basi la alfajiri amepakata mkanda wa harusi yake kama mtoto mchanga, amekaa kwenye stuli ya wateja hapa studio Iyunga, Mbeya, anauliza kwa upole mbona mama bado hajatokea, binti yake Naima anaolewa Jumamosi ijayo na hajawahi kumwona bibi yake, na Faraji anajibu subiri dada, mikanda ya zamani ndivyo ilivyo… uongo mtupu, mkanda unasimama hapo kwa sababu hapo ndipo harusi ilipokatwa na mpira, mwaka tisini na nane, Kombe la Dunia, majirani akina Anyelwisye peke yao mtaa mzima wana dishi na deki, na mkanda mtupu hakuna, ila kabatini kwa mama upo mmoja, harusi ya Asmaa ya mwaka uliopita, kile kidude cha plastiki kimevunjwa ili mtu asirekodi juu yake, haya, Faraji akaupeleka kwao, akabandika selotepu kwenye tundu, deki ikadanganyika, akabonyeza bila hata kuurudisha mwanzo, akaenda zake Mwanjelwa, jioni akauchomoa bila kuutazama akaurudisha kabatini, na angeweza kusema, mama angemzaba kofi moja yakaisha, lakini Ramadhani ya mwaka huohuo mama akafa, mkanda ukaenda Iringa ndani ya sanduku la Asmaa ambaye hakuwa na deki, na mama akitembea na kusema hayupo popote pengine duniani, ni humu tu, na humu zimebaki dakika arobaini na moja za wanaume msikitini wakifungisha ndoa, wanawake walikuwa nyumbani, mama alikuwa nyumbani… amwambie mkanda umekufa, basi, maneno yapo tayari ulimini, Asmaa ataamini, nusu ya harusi za Mbeya zimeokolewa na mikono hii, nani atambishia… na Asmaa, ambaye hajui hata kitufe kimoja, anasema si uruke hapo palipoharibika uanzie mbele, jambo ambalo Faraji amewafanyia wateja mara mia na leo hajaligusa, na sasa hana pa kukimbilia, anasukuma mkanda mbele kidogo, anabonyeza kurekodi, taa nyekundu inawaka, na hayo hapo, majani ya kijani, jezi, mtangazaji anapayuka, na Asmaa anauliza mpira huu umetoka wapi… sema basi, mtu mzima una mvi unamwogopa dada yako…

"Ni mimi, dada. Nilirekodi juu ya harusi yako. Mama nimemfuta mimi."

Mtangazaji anaendelea, Faraji hathubutu kugeuka, anasukuma mkanda mbele ili mikono ipate kazi, wachezaji wanakimbia kama siafu, na nyuma yake sauti ya Asmaa inakuja taratibu, haina hasira, ina uchovu tu, "Si ungesema, mdogo wangu," na Faraji anayarudia moyoni, si ungesema, kweli, si angesema… halafu picha inakatika, chenga tupu, mashine inasimama tena, anatazama juu akidhani umeme umekwenda, taa ya dari inawaka, basi nini, na chenga zinapasuka na huo hapo ua wa nyumbani, wanawake, sufuria la pilau, moshi… umeme, Mungu wangu, umeme ulikatika siku ile, yeye yuko Mwanjelwa anazurura, umeme ukakatika hata mapumziko hayajafika na deki ikazima kabla haijamfikia mama, na maisha yake yote ameutukana umeme wa mji huu… anabonyeza kurekodi, na mama anatokea, kanga kiunoni, mwiko mkononi, anamfukuza mpiga picha, asinipige mimi nanuka moshi, akampige bibi harusi, sauti nzito kuliko Faraji alivyokuwa akiikumbuka, kumbe alikuwa hata haikumbuki, na Asmaa amesimama, amejiziba mdomo kwa mtandio anacheka na kulia, na mama anageuka kwa mtu asiyeonekana, anauliza, "Faraji kala? Mtafuteni mwanangu ale," na Faraji anavua miwani, miaka yote hii alikuwa akimwogopa mama kwa ajili ya mkanda huu, hakupata hata siku moja ya kumlilia, na sasa anamlilia, palepale mbele ya deki, kifua chepesi, taa nyekundu inawaka, mkanda unazunguka.