Soketi ya Jumamosi

Albamu mpya ya Radi Kavu ilitoka siku ya Ijumaa, baada ya mashabiki kuisubiri mpaka wengine wakaoa, wakaachana na wakaoa tena. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wenye subira. Wasio na subira walisema jamaa wamezeeka, watatuletea nyimbo za kubembelezea wajukuu. Bendi ya roki ikinyamaza muda mrefu, kila mtu hujifanya daktari wake.

Kulikuwa na nyumba moja tu ambayo albamu hiyo ilikatazwa kupigwa siku ile, nayo ilikuwa nyumba ya mpiga gitaa wa bendi yenyewe.

Walimwita Nyuzi. Mwimbaji wa Radi Kavu alijulikana hata na watoto wa chekechea, lakini Nyuzi aliweza kwenda kununua vitunguu na kurudi bila mtu kugeuza shingo. Jukwaani alisimama nyuma, karibu na ngoma, kofia imemshuka usoni. Kwa wateja wa saluni ya mkewe alikuwa yule baba mpole anayekuja kurekebisha bawaba za mlango.

Alirekodi sehemu zake zote za gitaa, akawaachia wenzake kazi ya kumalizia. Baadaye uvumi ukamfikia kwamba fundi wa sauti alisema gitaa la namna ile limepitwa na wakati, afadhali lipunguzwe, au litolewe kabisa. Nyuzi hakuuliza kama ni kweli. Watu wa aina yake hawaulizi, wanatafuta kitu cha kutengeneza. Milango ya nyumba ile haikuwahi kufunguka kwa ulaini kama mwaka ule. Kisha mwimbaji akapiga simu: Jumatatu tunakutana kupanga ziara, utakuja au tutafute mwingine?

Jumamosi asubuhi, chai ikiwa mezani, Nyuzi alimwambia mkewe, "Ya mtandaoni sitaki kuyajua. Kule mtu anakusifu kwa sababu ameshiba, anakutukana kwa sababu ana njaa. Wewe ipige saluni. Usiwaambie mimi ni nani. Jioni uniambie walichosema."

"Na wakikusema vibaya?"

"Wakinisema vibaya si haba, wamenisikia. Wasiponisikia kabisa, basi Jumatatu sina safari. Wachukue kijana mwingine, mimi nifungue karakana ya milango."

Alicheka, lakini mkewe aliishi na kicheko kile miaka mingi na alijua hakina furaha ndani yake.

"Nitakuambia neno kwa neno," alisema.

"Bila sukari, mama."

Hilo la sukari lilimchoma, maana alistahili kuambiwa. Albamu iliyotangulia alipoulizwa ameionaje, alijibu kwamba ni nzuri sana, mume wangu, na huku ilikuwa imemchosha kuanzia wimbo wa pili. Nyuzi aliusoma uongo ule usoni pake, na wakala chakula kwa ukimya muda mrefu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, hata kama mwana mwenyewe ana mvi. Tangu siku hiyo aliapa kwamba kuhusu muziki hatamdanganya tena.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kirefu: viti vitatu mbele ya kioo, beseni la kuoshea nywele kule nyuma, benchi la wanaosubiri, na draya mbili za kufunika kichwa. Alifanya kazi na wifi yake, dada wa Nyuzi, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na siku ya mapumziko. Muziki ulitoka kwenye spika mbili, moja karibu na mlango na nyingine karibu na dirisha. Upande wa dirisha kulikuwa na soketi moja tu. Siku za kawaida ilikuwa ya spika. Jumamosi, wateja wakijaa, wifi aliichomoa spika na kuchomeka draya ya pili, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuacha shughuli zake akaja saluni kusikiliza redio. Walikuwa wamelizoea jambo hilo kiasi kwamba mkono wa wifi ulilifanya wenyewe, huku mdomo ukiendelea na habari nyingine. Ndivyo ulivyofanya na Jumamosi ile.

Mke wa Nyuzi, ambaye ndiye msusi, akaiweka albamu tangu wimbo wa kwanza, akarudi kwenye kichwa cha nesi aliyekuwa anataka misuko myembamba. Ngoma ziliingia, besi ikafuata, kinanda, kisha sauti ya mwimbaji, ileile yenye mikwaruzo. Msusi akasubiri gitaa. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza, ukaisha. Kwa mbali alisikia kitu kama gitaa, lakini hafifu, kama mtu anayejaribu nyuzi zake nyumba ya tatu kutoka pale.

"Radi Kavu hawa?" nesi aliuliza. "Sauti bado anayo, tusimwonee. Ila wimbo unaanza vizuri, halafu unakaa tu, kama unasubiri mgeni."

"Mgeni mwenyewe kapotea njia," alisema mmoja wa wanaosubiri. "Mimi naona ni nzuri ya kupigia pasi."

Mwalimu mstaafu, ambaye nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake, aliinua draya kichwani ili hukumu yake isikike. "Mawingu yapo, upepo upo. Radi yenyewe sijaiona." Akajifunika tena.

Mwanamke mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni alijaribu kuwatetea. Alisema maneno ya nyimbo yamekomaa, na kwamba mtu akirudi baada ya muda mrefu apewe kwanza kiti. Wenzake wakamwambia kiti amepewa, sasa aseme kilichomleta. Mwanamke akafungua simu kutafuta msaada.

"Sikilizeni huyu. Anasema gitaa la wimbo wa tatu limemtoa machozi barabarani."

Wimbo wa tatu ulikuwa unapigwa wakati huohuo. Wote wakatega masikio.

"Gitaa lipi?" nesi akauliza.

"Alikuwa na mafua," alisema wifi. "Watu wa mtandaoni wanalia hata wakisalimiwa."

Saluni nzima ikacheka, isipokuwa msusi. Alivuta msuko kwa nguvu mpaka nesi akashika kiti. "Fundi, kichwa ni changu, na nyumbani nataka kurudi nacho."

Alimwomba radhi, akaenda nyuma kuchukua taulo ambalo hakulihitaji. Wifi akamfuata.

"Wamemfuta," msusi alisema kwa sauti ya chini. "Kaka yako hayumo. Nimesikiliza kwa masikio yote mawili, hayumo."

Hasira ilimpanda msusi. Yule mwimbaji alikuwa amekula mezani pake, amemwita shemeji, amesifu mchuzi wake. Angeweza kumwambia mwenzake usoni. Badala yake alimwacha atengeneze bawaba mwaka mzima.

"Mwambie gitaa limesifiwa," wifi alisema mwishowe. "Nani atajua?"

"Yeye atajua."

"Basi mwambie wateja walikuwa wachache."

"Wifi, nilishamdanganya mara moja. Sirudii."

Akarudi kwenye kichwa cha nesi. Albamu ilizunguka, ikaisha, ikaanza upya, na kila mtu aliyeingia aliacha maoni yake kama anavyoacha mwavuli. Nzuri, lakini. Si mbaya, ila. Kuna pengo mahali, sijui ni wapi. Msusi aliyaweka yote moyoni kama alivyoahidi, na kila moja lilikuwa zito kuliko lililotangulia. Alishaanza kujipangia jinsi atakavyolieleza pengo lile kwa mtu ambaye ndiye pengo lenyewe.

Alasiri watu wakapungua. Mwalimu mstaafu alitoka kwenye draya, akakaa kwenye kiti kutolewa rola. Msusi alikuwa kwenye beseni, akimwosha nywele dada mmoja aliyekuwa anaolewa wiki ifuatayo na ambaye tangu afike alikuwa anazungumzia viatu tu. Wimbo wa tatu ulikuwa umerudi tena. Wifi, akisimulia habari za jirani yake na mbuzi wa watu, alichomoa draya ya dirishani na kuichomeka spika mahali pake, kwa mazoea yaleyale.

Gitaa likaingia chumbani.

Halikuingia taratibu. Lilikuwa katikati ya maneno yake, lina mengi ya kusema, na lilimjibu mwimbaji mstari kwa mstari. Anapolalamika, lenyewe linamtania. Anaponyamaza, linaendelea. Wimbo uliokuwa umekaa tangu asubuhi ukasimama na kutembea.

Mwalimu mstaafu aligeuka, rola nusu kichwani. "Ehe! Huyu naye alikuwa wapi tangu asubuhi?"

Msusi aliacha maji yakitiririka. "Wifi. Ichomoe hiyo spika."

Wifi akaichomoa. Gitaa likatoweka, na wimbo ukakaa chini tena.

"Irudishe."

Likarudi.

"Ichomoe tena kidogo, nisije nikawa naota."

"Ukiichomoa tena," mwalimu alimwambia wifi, "nitasahau kwamba nimestaafu."

Wifi alikuwa ameshika waya kifuani kwa mikono miwili. "Mama yangu," alisema. "Wenzake kila mtu yuko pande zote mbili. Yeye wamempa upande mzima, peke yake. Na mimi nimemchomoa kaka yangu ili nikaushe nywele!"

"Nani kaka yako?" mwalimu akauliza, lakini hakusubiri jibu. "Hebu nirudishieni mwanzo. Wimbo wa kwanza kabisa. Hizo rola ziache, hazina haraka."

Wakaurudisha mwanzo. Mwalimu alisikiliza amefumba macho, akitikisa kidole kama anayesahihisha daftari na kukosa kosa. Dada wa viatu alisahau viatu. Msusi aliendelea kumwosha nywele zilizokwisha kutakata zamani, na kifua chake kilikuwa kimejaa furaha kiasi kwamba hakujua aiweke wapi.

"Fundi, vipi?" dada yule aliuliza akimtazama kutoka chini. "Shampuu imekuingia machoni?"

"Ndiyo," alijibu. "Imeniingia."

Alipofika nyumbani alimkuta Nyuzi amepiga magoti mbele ya mlango wa jikoni, bisibisi mkononi, akikaza bawaba ambayo haikuwa na kosa lolote.

"Haya," alisema bila kugeuka. "Bila sukari."

Msusi akavuta kiti, akaketi, akamwambia yote kwa mpangilio wake. Wimbo unaosubiri mgeni. Nzuri ya kupigia pasi. Mawingu yapo, radi hakuna. Kuna pengo mahali. Kila neno lilimshusha Nyuzi mabega kidogo, na mkewe aliona, lakini hakuruka hata moja. Alipofika kwenye "gitaa lipi?" Nyuzi aliweka bisibisi sakafuni.

"Basi," alisema. "Inatosha. Ahsante kwa kusema kweli."

"Sijamaliza. Walisikiliza siku nzima bila wewe. Soketi ya dirishani, mume wangu. Jumamosi dada yako huchomeka draya pale. Spika iliyochomolewa ndiyo iliyokuwa na gitaa lako lote."

Nyuzi alimtazama kama mtu anayehesabu kwa kichwa. Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo hilo pengo walilosema..."

"Lilikuwa na kofia."

Akamweleza lililobaki, mpaka kwa mwalimu na rola zake. Nyuzi alitaka kusikia maneno ya mwalimu mara ya pili, na ya tatu akataka na sauti yake. Halafu alicheka, na safari hii kicheko kilikuwa kizima. Aliiwasha simu iliyokuwa imezimwa tangu juzi, akampigia mwimbaji, akamwambia Jumatatu anakuja, na kwamba wakifika kupanga jukwaa yeye atasimama mbele kidogo ya ngoma, si nyuma yake. Alipokata simu alibaki ameishika.

"Na wewe?" alimuuliza mkewe. "Wewe umeionaje?"

Jibu la swali hilo msusi alishawahi kuliharibu mara moja, na hakutaka kuliharibu tena.

"Leo nimemdanganya mteja mmoja," alisema. "Aliniuliza kama shampuu imeniingia machoni, nikamwambia ndiyo."